Maji Aliyoyatia Mwanvita

Kila Jumatano, kengele ya saa nne ilipogongwa, wanafunzi wa darasa la sita walikunja madaftari yao wakatoka mbio kuelekea karakana ya wilaya. Miaka ile elimu ya kujitegemea haikuwa maneno ya ubaoni tu. Darasa la nne walilima mihogo, darasa la tano walifuga kuku na wakanuka kuku, darasa la saba walifyatua matofali. Darasa la sita peke yao ndio waliokuwa na gari. Kwa sababu hiyo walipita mitaa ya Dunda, mjini Bagamoyo, vifua mbele, utadhani kila mmoja ana leseni mfukoni.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova kuukuu iliyokwisha kuchoshwa na barabara za Bagamoyo. Miaka miwili nyuma, mto Ruvu ulifurika ukachukua watu wawili bondeni kwa sababu hakuna gari lililothubutu kuingia majini. Ndipo wakubwa wa wilaya walipompa Fundi Tobia, mkuu wa karakana, ile Landrova na kumwambia, "Itengeneze iweze kuokoa watu." Fundi Tobia hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Alichukua bomba la chuma akalipandisha kutoka kwenye injini hadi juu ya paa, ili injini ivute hewa safi hata maji yakifika mlangoni. Alifunika plagi na nyaya zake kwa mpira wa tyubu uliopakwa grisi. Akazungushia bati upande wa mbele ili kukinga mawimbi, akaondoa viti vya nyuma na kuweka machela, akafunga mbao mbili za kupitia kwenye tope na kamba ndefu ya katani. Watoto walipoona lile bomba limesimama juu ya paa, waliliita gari Nguva, kwa kuwa nguva naye hutoa pua yake juu ya maji apate kupumua.

"Shikamoo, Fundi!" walipiga kelele kila walipofika.

"Marahaba. Mnanisalimia mimi au mnamsalimia Nguva?" Fundi Tobia aliuliza kila mara, naye hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyejifunza ufundi kwa mapadri alipokuwa kijana, na alikuwa na tabia ya kupitisha kidole mahali palipofagiliwa.

Kila mtoto alikuwa na kazi yake. Mosi na wenzake waliosha chuma cha chini kila gari lilipotoka pwani, maana chumvi ya bahari hula chuma taratibu bila kelele. Wengine walikaza nati na kupaka grisi. Kazi ya betri alipewa Mwanvita, binti wa miaka kumi na miwili, kwa sababu alikuwa mwangalifu na mkono wake haukutetemeka. Kila Jumatano alifungua vifuniko sita vya betri, akachungulia ndani, na mahali maji yalipopungua akaongeza kidogo kidogo. Hayakuwa maji yoyote tu. Yalikuwa maji ya mvua, yaliyokingwa kwa beseni safi na kuhifadhiwa stoo katika chupa kubwa ya kioo. Ufunguo wa stoo aliuvaa Mwanvita shingoni.

"Visima vya mjini kwetu vina chumvi," Fundi alimwonya siku ya kwanza. "Sisi tumevizoea, lakini betri haizoei. Ukiitilia maji ya kisima haifi siku hiyo. Itakufa siku utakayoihitaji."

"Nimesikia, Fundi."

Alisikia kweli. Na kwa majuma kadhaa alifanya kama alivyosikia.

Basi mwezi wa pili, jua la kaskazi likiwa kali na mawingu hayaonekani, shule ilipata habari kwamba mkaguzi atakuja. Mwanvita alichaguliwa kusimama mbele na kuongoza ngonjera. Furaha iliyoje! Lakini shati lake jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya ugoro. Kila mtu wa Dunda anajua taabu ya kufulia maji ya kisima: unasugua sabuni mpaka inakwisha, povu halitoki, na nguo inatoka majini na rangi ileile iliyoingia nayo. Mwanvita alisugua mara mbili, akakata tamaa. Halafu akaikumbuka ile chupa ya stoo.

Alijiambia atachukua kidogo tu. Akamimina kidogo, povu likajaa beseni, akaongeza kidogo tena, na mwisho chupa ikabaki tupu. Shati liling'aa. Siku ya mkaguzi watu walimpigia makofi. Jumatano iliyofuata alisimama stoo akiitazama chupa tupu. Kumwambia Fundi Tobia kwamba maji ya betri yamefulia shati! Alijiona mbele ya darasa zima, Mosi akimcheka. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akajaza chupa kisimani, akairudisha mahali pake. Ukiyatazama, maji yalikuwa meupe vilevile.

Jumatano tatu aliitilia betri maji yale. Jumatano ya tatu, alipofungua vifuniko, alisikia harufu kali iliyomwasha pua, harufu ambayo hakuwahi kuisikia kabla. Akafunga vifuniko haraka. Mvua za kwanza za masika ziliponyesha alikinga maji mapya, akaiosha chupa, akaijaza tena mvua tupu. Akashusha pumzi. Alidhani kosa limekwisha kwa kuwa chupa imejaa, akasahau kwamba yale ya kisima yamo ndani ya betri.

Masika mwaka ule yalikuja kwa ghadhabu. Kufika katikati ya mwezi wa tano mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo. Mpunga wa bonde la Ruvu ulikuwa umeanza kukomaa, na kama ilivyo desturi, wenye mashamba walihamia huko kuamia, kuwafukuza ndege wasiule. Mama yake Mwanvita, Bi Zaina, alikwenda na mdogo wake Mwanvita, Ausi, mtoto wa miaka mitano. Walilala katika dungu lao, yaani kile kichanja kirefu cha miti ambacho mwamiaji hukaa juu yake akirusha kombeo na kupiga madebe. Mwanvita alibaki Dunda kwa bibi yake ili asikose shule, na kila Jumamosi aliwapelekea chakula.

Jumatano hiyo watoto walikuwa karakana, wanapaka grisi chini ya paa huku mvua inapiga bati. Mara akaingia mtu amelowa, miguu imejaa tope mpaka magotini. Alikuwa Majaliwa, mkulima jirani wa shamba lao.

"Fundi, mto umevunja kingo!" alisema akitweta. "Umeingia mashambani tangu alfajiri. Wengi tumetoka. Mitumbwi imechukuliwa na maji. Wamebaki watu kule mwisho, kwenye ile miti mirefu, mivumo mitatu. Zaina na mtoto wake. Nimewaona kwa macho yangu wako juu ya dungu, na maji yanapanda."

Kopo la grisi lilimwanguka Mwanvita mkononi.

"Mtoro!" Fundi aliita. Mtoro, dereva wa wilaya, mtu mfupi mwenye mabega mapana, alikwisha kuruka kwenye usukani. "Washa. Majaliwa, utaijua njia?"

"Njia gani, Fundi? Yote ni maji. Lipo tuta la zamani, lile lililokuwa likipita mikokoteni, linakwenda mpaka kwenye mivumo. Lakini mimi hupita upande wa pili. Tuta lile silijui vizuri."

"Mimi nalijua," Mwanvita alisema. "Kila Jumamosi napita hapo."

Fundi alimtazama mara moja. "Panda."

Mtoro akabonyeza stata. Ikalia nge... nge... nge... kisha kimya. Akabonyeza tena. Nge. Kimya.

Fundi alifunua boneti, akainama juu ya betri, akagusa nyaya. Zilikuwa zimekazwa vizuri. Akageuka polepole.

"Mwanvita. Maji unayoitilia ni ya mvua?"

Swali lilikuwa fupi, na jibu lilikuwa fupi vilevile. Mwanvita aliona macho ya wenzake yote yako kwake. Akafikiri: nikisema, watasimama kunigombeza, na mama anangoja juu ya maji. Kisha akafikiri: chupa ina maji ya mvua hata sasa. Ulimi wake ukamtangulia.

"Ndiyo, Fundi. Ya mvua."

"Basi ni unyevu huu," Fundi alisema. "Haya, wote nyuma! Sukumeni!"

Watoto ishirini na wanane walijipanga nyuma ya Nguva wakasukuma kwa nguvu zote. Gari likatembea, likakohoa, likawaka. Watoto wakashangilia. Mwanvita, aliyekaa kati ya Mtoro na Fundi, Majaliwa akiwa nyuma, hakushangilia.

Walishika njia ya kuelekea Makurunge, upande wa bonde la Ruvu. Gari liliteleza kushoto na kulia katika tope, Mtoro akilirudisha kila mara na kunung'unika maneno ambayo hayafai kuandikwa kitabuni. Kila gari lilipotikisika Mwanvita aliomba kimoyomoyo lisizimike. Halikuzimika. Akaanza kujipa matumaini. Pengine betri imepona. Pengine mambo yatapita, na hakuna atakayejua.

Njia ilipofika mahali inaposhuka bondeni, Mtoro alisimamisha gari juu ya mteremko. Mbele yao hapakuwa na mashamba tena. Maji ya rangi ya udongo yalikuwa yametanda mpaka macho yanapoishia, yakitembea kwa nguvu, yamebeba majani na magogo. Mbali, kama hatua mia sita, mivumo mitatu ilisimama majini. Kando yake lilionekana dungu, limeinama upande mmoja. Juu yake kilining'inia kitu chekundu. Ilikuwa kanga ya mama.

Majaliwa alichomeka kijiti ukingoni mwa maji ili kupima jinsi yanavyopanda. Fundi aliruka chini na spana mkononi.

"Zima injini, Mtoro. Natoa mkanda wa feni. Feni ikizunguka ndani ya maji itayarusha juu ya nyaya zote, na hapo tumekwisha."

Mwanvita aliijua kazi hii, maana Fundi aliwafundisha mwezi wa kwanza. Mkanda ukitolewa feni husimama. Lakini mkanda uleule ndio unaozungusha dainamo, kile chombo kinachozalisha umeme. Dainamo ikisimama, injini haipati umeme mahali pengine popote ila kwenye betri. Betri nzima inaweza kulivusha gari mto na kulirudisha bila wasiwasi. Betri ya Nguva isingefika hata nusu ya tuta. Injini ingezimika katikati ya maji, na watu wanne waliokuja kuokoa wangekuwa watu wanne wa kuokolewa.

Mkono wa Mtoro ulikuwa umekwisha kushika ufunguo.

"Usizime, Mjomba!" Mwanvita alipiga ukelele. "Usizime! Betri ni mbovu!"

Fundi alirudi dirishani. "Unasema nini?"

"Niliitilia maji ya kisima." Machozi yalimtoka, lakini maneno hayakusimama tena. "Maji ya mvua niliyafulia shati siku ya mkaguzi. Nikajaza ya kisima, nikatia mara tatu. Uliponiuliza nilidanganya. Fundi, ukitoa mkanda gari litazimika majini!"

Mvua iliendelea kupiga boneti. Majaliwa alishika kichwa kwa mikono miwili. Mtoro alifungua kinywa kusema neno, na lingekuwa neno zito, lakini Fundi aliinua mkono.

"Hilo tutalizungumza tukiwa hai," alisema. Uso wake ulikuwa mgumu. Alifumba macho kwa muda mfupi, akayafumbua. "Mkanda hautoki. Tutatoa feni yenyewe. Dainamo iendelee kuzunguka. Mtoro, rudi nyuma mpaka juu kabisa, pua ibaki inatazama chini. Tukizima, stata haitatuwashia, na tundu la hendeli ya kuwashia kwa mkono nimeliziba mwenyewe na lile bati la mbele. Tutawasha kwa kuviringika kwenye mteremko."

"Na lisipowaka kabla ya kufika majini?" Mtoro aliuliza.

"Litawaka," Fundi alisema, lakini hakumtazama.

Mtoro akalirudisha gari juu, injini ikazimwa. Feni ilishikwa na nati nne, nazo zilikuwa zimejibanza nyuma ya rejeta, mahali ambapo mkono wa mtu mzima hauingii vizuri. Fundi alifungua mbili za juu. Ya tatu ilimchubua vidole mpaka damu, na haikutoka.

"Lete mkono wako," alimwambia Mwanvita.

Mwanvita alipitisha mkono mwembamba kati ya feni na rejeta yenye moto. Ngozi ilimwungua. Alibana meno, akaielekeza spana mpaka ikakamata. Fundi akavuta kwa upande wake. Nati ililia, ikalegea. Bado moja.

"Kijiti kimezama!" Majaliwa aliita kutoka chini.

Nati ya nne ilikuwa na kutu. Spana iliteleza mara ya kwanza, ikateleza mara ya pili. Mwanvita alitazama mbali, akaona dungu limeinama zaidi kuliko mwanzo. Akaizungushia nati kitambaa chake cha kichwani ili spana ishike, akasukuma kwa kiganja. Ikatoka. Fundi aliinyofoa feni akaitupa nyuma ya gari bila kuitazama.

"Pandeni!"

Mtoro aliachia breki. Nguva ikaanza kuteremka, kwanza polepole, halafu kwa kasi. Hatua thelathini zilibaki kufika majini. Mtoro akaachia klachi, gari likatikisika, likakohoa, likanyamaza. Hatua ishirini. Akajaribu tena. Likanyamaza. Hatua kumi. "Ya Rabi!" Majaliwa alisema kwa sauti. Mtoro akaachia klachi mara ya tatu, na injini ikanguruma wakati magurudumu ya mbele yanagusa maji.

"Gia nzito, usitoe mguu!" Fundi alisema. "Binti, sema njia."

Mwanvita alikaza macho. Tuta halikuonekana, lakini alilijua kwa miguu yake. "Uelekeze mvumo wa katikati, Mjomba. Hapo, hivyo hivyo. Sasa kushoto kidogo, pana shimo la mkono wa kulia. Kidogo tena. Rudi katikati."

Maji yalifika kwenye magurudumu, yakafika mlangoni, yakaanza kuingia miguuni mwao, ya baridi. Mkondo ulisukuma gari upande, na kila gogo lililogonga bati la mbele liliwafanya wote washike kitu. Juu ya paa bomba liliendelea kuvuta hewa. Dainamo ilizunguka. Fundi alikuwa ametega sikio upande wa injini kama daktari, akisikiliza tu.

Walipofika kwenye mivumo, Mtoro aliegesha gari hatua chache kutoka kwenye dungu, mguu wake ukikanyaga mafuta, asithubutu kuuondoa. Mguu mmoja wa dungu ulikuwa umekwisha kung'oka. Bi Zaina alikuwa amejifunga Ausi mgongoni kwa kanga moja, na ile nyekundu ameifunga juu ya mti wa dungu.

"Mama!"

"Mwanvita? Nani amekuleta huku wewe?"

Majaliwa alifunga kamba ya katani kwenye chuma cha gari, akajifunga ncha ya pili kiunoni, akashuka. Maji yalimfika kifuani. Alimpokea Ausi kwanza, akampitisha juu ya kichwa chake mpaka mikononi mwa Fundi. Mtoto alikuwa wa baridi, midomo inatetemeka, lakini alikuwa akilia, na kilio chake kilikuwa kizuri kukisikia. Kisha Majaliwa akarudi kumchukua mama. Bi Zaina alipotia mguu majini dungu lilitoa mlio, likaanguka nyuma yake lote, likabebwa na mkondo. Wimbi lake lilipiga ubavu wa Nguva. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Mtoro akakanyaga mafuta mpaka mwisho, jasho likimtoka katika mvua ile, na injini ikashika mwendo wake.

"Vuteni!" Fundi alisema. Wakaivuta kamba, wakawapandisha wote wawili.

Kugeuza gari hapakuwa na nafasi, maana tuta lilikuwa jembamba. Iliwapasa kurudi kinyumenyume hatua zote mia sita. Mwanvita alihamia nyuma, akasimama juu ya machela, akaelekeza kwa mikono na kwa sauti. Mtoro hakuona kitu nyuma. Alimsikiliza yule binti aliyemdanganya fundi saa moja iliyopita, akamwamini, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwamini. Mara moja gurudumu la nyuma liliteleza kando ya tuta na gari zima likalala upande. "Kulia, Mjomba, kulia, kulia!" Likajiinua. Sauti ilikuwa imemkauka Mwanvita walipofika kwenye ardhi ngumu.

Mtoro alilipeleka gari mpaka juu ya mteremko, akaacha injini inanguruma, akalaza kichwa chake juu ya usukani. Bi Zaina alimbana Ausi kifuani, akawashukuru mmoja mmoja. Alipofika kwa binti yake aliona mkono ulioungua na macho mekundu.

"Una nini, mwanangu? Si tumepona?"

Mwanvita alimweleza mama yake yote, tangu shati mpaka uongo wa karakana. Hakupunguza hata neno. Bi Zaina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Hilo shati, lilitakata?"

"Lilitakata, Mama."

Mama alimvuta Mwanvita akamkumbatia pamoja na Ausi, na Mwanvita akalia kwa uchungu kuliko kama angechapwa.

Jumatano iliyofuata darasa lote lilikuwa karakana. Fundi Tobia alikuwa ameipasua ile betri na kuiweka juu ya meza. Mabamba ya risasi ya ndani yalikuwa yameliwa, yamebaki vipande vipande. Mwanvita alisimama mbele, mkono umefungwa bandeji, akawaeleza wenzake mwenyewe. Alidhani Mosi atacheka. Mosi hakucheka. Alikuwa anatazama yale mabamba.

"Mwanvita hatashika betri mpaka muhula ujao," Fundi alisema. "Kazi hiyo ataifanya Mosi, na Mwanvita ataosha chuma cha chini. Hiyo ni adhabu yake, na ameikubali. Lakini lipo jingine, nalo linanihusu mimi." Akapitisha kidole juu ya betri iliyokufa. "Asubuhi ile, nilipoinama juu ya betri hii, niliisikia harufu kali, harufu ya betri iliyotiwa chumvi. Nilikuwa na haraka. Nikauliza, nikapewa jibu nililolitaka, nikaridhika. Fundi haridhiki na jibu, anapima. Kwa hiyo kosa la siku ile ni la watu wawili."

Watoto walitazamana. Hawakuwahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo.

"Sasa nisikilizeni," Fundi aliendelea. "Kumwaga maji ni kosa dogo. Angekuja siku ileile akaniambia, ningemgombeza mpaka paa litikisike, na tungekinga maji mengine. Alipoficha, alinifumba macho, nikawa natengeneza gari nisilolijua. Kosa ukilificha halilali, linafanya kazi usiku na mchana, na hujui litamdhuru nani. Angalieni, karibu limdhuru mama yake mwenyewe. Lakini aliposema kweli, hata kwa kuchelewa, hata kwa aibu mbele yetu, alinipa nafasi ya kutafuta njia nyingine. Feni ile nisingeitoa kama yeye asingefungua kinywa. Watu wawili wako hai kwa sababu ya sentensi moja iliyomwia vigumu kuisema. Ukikosea, wahi kusema. Usingoje kufika kwenye maji."

"Tumesikia, Fundi," wakaitikia wote.

"Mnasema mmesikia. Hata yeye alisema hivyo siku ya kwanza." Akaitwaa ndoo, akampa Mwanvita. "Haya, Nguva ina tope la Ruvu mpaka tumboni. Anza na magurudumu ya nyuma."

Mwanvita aliipokea ndoo kwa mkono wake mzima, akaingia chini ya gari.